Kiendelezi kinachodai kusakinishwa upya kila mara: mjue kwanza anayedai

Umesakinisha kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari kama Chrome, Edge au Firefox), kikafanya kazi, ukazima kompyuta. Ukiwasha tena, ujumbe ni uleule: sakinisha. Unakubali, na mzunguko unaanza upya. Kusakinisha mara ya tatu au ya nne hakusaidii, kwa sababu mara nyingi kiendelezi hakijapotea; kipo, ila anayekitafuta hakioni. Na pale kinapopotea kweli, kuna kitu kinachokiondoa, na kitaendelea kukiondoa mpaka kijulikane.

Wanaoweza kudai ni wanne: kivinjari chenyewe, tovuti unayoitembelea, programu iliyo nje ya kivinjari, na tapeli. Kivinjari hutoa ujumbe wake nje ya ukurasa, ama kwenye orodha ya viendelezi, ama kwenye kidirisha kinachoshuka kutoka upau wa juu. Ujumbe wa tovuti umo ndani ya ukurasa, na ukienda tovuti nyingine huuoni. Programu ya nje, kwa mfano ya kutunza nywila, kupakua mafaili, kusaini nyaraka au kusoma kadi, huonyesha dirisha lake au hukufungulia duka la viendelezi kila inapoanza. Tapeli naye huandika ndani ya ukurasa kama tovuti, ila hukupa faili la kupakua badala ya kukupeleka dukani.

Ujumbe ukiwa bado uko mbele yako, fungua kichupo kingine na uandike kwenye upau wa anwani chrome://extensions kama unatumia Chrome, edge://extensions kwa Edge, au about:addons kwa Firefox. Utakuta moja kati ya mambo matatu: kiendelezi kipo na kimewashwa, au kipo lakini kimezimwa ama kimewekewa onyo, au hakipo kabisa. Jibu hilo ndilo linaloamua unaenda wapi kati ya sehemu zinazofuata.

Kabla hujaondoa chochote

Ukikiondoa kiendelezi, kivinjari hufuta pia data yake iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Orodha ulizotengeneza, maandishi, mipangilio, skripti, vyote huenda nacho. Fungua mipangilio ya kiendelezi utafute sehemu ya kuhamisha au kuhifadhi nakala, na weka faili hilo nje ya folda ya kivinjari.

Kwa pochi za sarafu za kidijitali tahadhari hii ni kali zaidi. Usiguse kitufe cha kuondoa kabla hujahakikisha kwamba maneno ya urejeshaji, ambayo kwa kawaida ni 12 au 24, umeyaandika na yako mikononi mwako. Bila maneno hayo, kiendelezi kikifutwa hakuna duka wala mtengenezaji anayeweza kukurudishia kilichokuwamo.

Kipo na kimewashwa, lakini tovuti inasema hakipo

Hali hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na watu wengi hupoteza muda hapa kwa kusakinisha kitu ambacho tayari wanacho.

Tovuti haina ruhusa ya kusoma orodha ya viendelezi vyako. Inachoweza kufanya ni kusubiri kiendelezi kijitambulishe: kiweke alama ndani ya ukurasa, au kijibu ujumbe uliotumwa kwa namba yake ya utambulisho. Alama isipoonekana au jibu lisipofika, tovuti huhitimisha kwamba hakijasakinishwa na kuonyesha kitufe kilekile.

Anza na jambo jepesi. Katika Chrome na Edge, kwa kawaida kiendelezi hakiingii kwenye vichupo vilivyokuwa wazi kabla ya kusakinishwa. Kichupo hicho kitaendelea kudai hadi ukipakie upya. Vilevile kiendelezi kikijisasisha huku kichupo kikiwa wazi, ile sehemu ya zamani iliyobaki ndani ya ukurasa hukatika mawasiliano na kiendelezi kipya. Pakia ukurasa upya kwa Ctrl+Shift+R, au Cmd+Shift+R kwenye Mac, kisha angalia tena.

Ikiwa bado, kagua ruhusa za tovuti. Kwenye Chrome bonyeza kitufe cha maelezo chini ya jina la kiendelezi. Utaona sehemu ya ufikiaji wa tovuti yenye chaguo tatu: ukibofya tu, kwenye tovuti mahususi, au kwenye tovuti zote. Kikiwa kwenye chaguo la kwanza, hakifanyi lolote hadi ubofye aikoni yake, na tovuti inayokitafuta mara ukurasa unapofunguka haitakiona. Si lazima ukipe tovuti zote. Ongeza anwani ya ile inayokihitaji tu. Kwenye Firefox fungua kiendelezi ndani ya about:addons, nenda kichupo cha ruhusa, na uwashe tovuti husika.

Halafu dirisha la faragha. Viendelezi havifanyi kazi katika hali fiche (Incognito) ya Chrome mpaka uviruhusu kimoja kimoja, na Firefox imefuata utaratibu huohuo tangu toleo la 67 la mwaka 2019. Kwenye Firefox kuna mtego wa ziada: ukichagua kwenye mipangilio ya faragha kwamba kivinjari kisikumbuke historia kamwe, kila dirisha unalofungua ni la faragha hata kama halina rangi ya faragha. Kiendelezi kipo kwenye orodha, kimewashwa, na bado hakionekani popote. Ruhusu kitumike kwenye madirisha ya faragha au badilisha mpangilio wa historia.

Kuna pia suala la wasifu (profile), yaani sehemu ya mtumiaji ndani ya kivinjari yenye mipangilio na viendelezi vyake. Mtu mwenye wasifu wa kazini na wa nyumbani katika Chrome moja ana orodha mbili tofauti za viendelezi. Kiungo kinachobofywa kutoka kwenye barua pepe mara nyingi hufunguka katika wasifu uliotumika mwisho, nao huenda ndio usio na kiendelezi. Tazama picha au herufi iliyo kwenye kona ya juu kulia, ulinganishe na ile ya dirisha ulilosakinishia. Firefox nayo, tangu toleo hilohilo la 67, huipa kila nakala iliyosakinishwa wasifu wake. Ukiwa na Firefox ya kawaida na ya wasanidi kwenye kompyuta moja, aikoni ya kwenye eneokazi na ile ya upau wa chini zinaweza kufungua nyumba mbili tofauti. Fungua about:profiles uone ni wasifu gani umeandikwa kuwa unatumika.

Sababu nyingine ambayo huwapita hata wataalamu: duka. Edge inakubali viendelezi vya duka lake na vya Chrome Web Store, lakini kiendelezi kilekile huwa na namba tofauti katika kila duka. Namba hiyo ni mfululizo wa herufi 32, zote kati ya a na p, na unaweza kuiona kwenye edge://extensions ukiwasha hali ya msanidi programu (Developer mode), swichi iliyo kwenye ukurasa huohuo. Tovuti iliyoandikwa kutafuta namba ya duka la Chrome haitakitambua kile ulichokitoa duka la Edge, hata kama jina na aikoni ni vilevile. Kiondoe, halafu kisakinishe kutoka kwenye duka ambalo tovuti yenyewe inakuelekeza.

Mwisho, zima viendelezi vingine vyote isipokuwa hicho kimoja, pakia ukurasa upya, kisha virudishe kimoja kimoja. Vizuia matangazo na vilinda faragha huweza kukata mawasiliano kati ya ukurasa na kiendelezi kingine. Ukimpata mhusika, iruhusu tovuti hiyo moja ndani ya mipangilio yake. Hakuna haja ya kumtupa.

Tovuti nyingine hukumbuka kwa kidakuzi (cookie, data ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari) kwamba umeshasakinisha. Kivinjari kilichowekwa kufuta vidakuzi kila kinapofungwa kitaondoa kumbukumbu hiyo, na tangazo litarudi kila siku bila kiendelezi kuwa na tatizo lolote. Iweke tovuti hiyo kwenye orodha ya tovuti ambazo vidakuzi vyake havifutwi.

Kipo, lakini kimezimwa au kina onyo

Soma onyo lenyewe, neno kwa neno, kabla ya kubofya.

Onyo la kwamba kiendelezi kinahitaji ruhusa mpya si hitilafu. Sasisho limeomba mamlaka zaidi ya yale uliyokubali mwanzo, na Chrome imekizima mpaka uamue. Jiulize kama ombi linaendana na kazi yake. Kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa kinachotaka ghafla kusoma data ya tovuti zote huenda kimeuzwa kwa mmiliki mwingine, na jibu salama ni kukiacha kimezimwa.

Onyo la kwamba kiendelezi huenda kimeharibika ni jambo jingine. Chrome hulinganisha mafaili ya kila kiendelezi kilichotoka dukani na alama zilizotiwa saini, ambazo ziko ndani ya folda ya kiendelezi kwa jina la _metadata. Faili moja likibadilika, likikosekana au likiwa na herufi moja ya ziada, kiendelezi huzimwa na kitufe cha Repair hutokea, au Rekebisha kama kivinjari chako kiko kwa Kiswahili. Mara ya kwanza kibofye tu. Ikijirudia baada ya siku chache, ujue kuna mkono unaogusa mafaili hayo.

Andika chrome://version na utafute mstari unaoonyesha njia ya wasifu. Ndani ya folda hiyo kuna folda ya Extensions, na ndani yake kila kiendelezi kina folda yenye namba yake ya herufi 32. Kwa wasifu wa kwanza, njia huwa hizi:

Windows: %LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data\Default\Extensions
Mac: ~/Library/Application Support/Google/Chrome/Default/Extensions
Linux: ~/.config/google-chrome/Default/Extensions

Panga mafaili kwa tarehe ya kubadilishwa. Faili lenye tarehe ya baadaye kuliko wenzake huenda ndilo lililoguswa. Mhusika wa kwanza kumshuku ni antivirusi. Kwenye Windows Security fungua historia ya ulinzi. Kwa antivirusi nyingine tafuta orodha ya karantini. Ukiona faili lenye njia inayopita kwenye folda ya Extensions, umepata jibu. Usikimbilie kumwambia antivirusi alipuuze: hakikisha kwanza kiendelezi bado kipo dukani na mtengenezaji wake anajulikana. Kama kimeondolewa dukani, antivirusi huenda ndiye aliye sahihi.

Wahusika wengine ni programu za kusafisha kompyuta zinazofuta mafaili wanayodhani ni taka, na programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni zilizoelekezwa kwenye folda nzima ya wasifu. Folda ya wasifu wa kivinjari haipaswi kusawazishwa na huduma ya aina hiyo. Kivinjari huandika humo kila sekunde, na mafaili mawili yakigongana moja hubaki nusu.

Ukishamzuia mhusika, fanya hivi: funga kivinjari kabisa, pamoja na kile kinachobaki nyuma kwenye Task Manager, fungua tena, kisha bofya Rekebisha. Data yake ya ndani huhifadhiwa mahali pengine, kwenye folda iitwayo Local Extension Settings, kwa hiyo njia hii haina madhara ya kukiondoa kabisa.

Onyo likirudi bila mhusika yeyote kuonekana, na hasa likihama kutoka kiendelezi kimoja hadi kingine, kagua diski. Kwenye Windows fungua Command Prompt kama msimamizi uandike chkdsk C: /scan. Ukaguzi huo hufanyika kompyuta ikiwa inaendelea kutumika. Angalia pia nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa hukatisha sasisho katikati, na kiendelezi kilichosasishwa nusu huonekana kama kilichoharibika.

Kwenye Firefox onyo la kawaida linahusu saini ya kidijitali. Kila nyongeza, kama Firefox inavyoviita viendelezi, huja kama faili moja la .xpi lililotiwa saini na Mozilla, na Firefox ya kawaida hukataa lisilo na saini halali. Cheti cha mizizi kilichotumika kuthibitisha saini hizo kiliisha muda wake tarehe 14 Machi 2025. Firefox iliyo chini ya toleo la 128, au ya ESR (tawi linalotunzwa kwa muda mrefu) iliyo chini ya 115.13, inaweza kuzima nyongeza zote kwa pamoja, na hakuna kusakinisha upya kutakakosaidia. Dawa ni kusasisha kivinjari. Kwa kompyuta yenye Windows 7 au 8.1, tawi la kutumia ni ESR 115. Ukiona nyongeza zote zimezimika siku moja, tazama pia saa na tarehe ya kompyuta: betri ndogo ya ubao mama ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa na vyeti vyote huonekana batili.

Chrome nayo iliacha kuunga mkono viendelezi vilivyojengwa kwa muundo wa zamani, Manifest V2. Uzimaji ulianza kuwafikia watumiaji wa kawaida mwaka 2024 na kukamilika mwaka 2025. Kiendelezi cha namna hiyo kikizimwa, ukikiwasha kitazimwa tena, na dukani hukipati. Tafuta toleo jipya la mtengenezaji yuleyule, ambalo wakati mwingine lina jina tofauti kidogo.

Kinapotea kabisa kila ukifungua kivinjari

Kwanza tambua kama kinachopotea ni kiendelezi peke yake au wasifu mzima. Zima usawazishaji wa akaunti kwa muda, weka alamisho (bookmark) mpya ya ukurasa wowote, funga kivinjari, fungua tena. Usawazishaji lazima uzimwe, la sivyo alamisho itarudishwa kutoka mtandaoni na jaribio litakudanganya.

Alamisho ikipotea pia, wasifu hauhifadhiwi. Dalili nyingine ya hali hii ni ukurasa wa makaribisho wa kiendelezi unaofunguka kila asubuhi. Viendelezi vingi huuonyesha mara moja tu, kivinjari kinapotangaza kwamba usakinishaji ni mpya. Kikitangaza hivyo kila siku, maana yake kila siku kinaanza na wasifu mtupu. Sababu huwa chache. Huenda unatumia hali ya mgeni, ambayo hufuta kila kitu inapofungwa. Huenda njia ya mkato imeongezewa maneno: kwenye Windows bofya aikoni kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na usome sanduku la lengo mpaka mwisho. Ukikuta --guest au --user-data-dir yenye folda ya muda, futa kipande hicho. Na kama kompyuta ni ya maktaba, maabara au ofisi yenye programu ya kurudisha hali ya awali kila inapowashwa, hata faili uliloliacha kwenye eneokazi litatoweka. Hapo ni msimamizi wa kompyuta hizo pekee anayeweza kukuwekea kiendelezi moja kwa moja.

Alamisho ikibaki lakini kiendelezi kikatoweka, kagua kwanza kama njia ya mkato ina --incognito au --disable-extensions na ufute kipande hicho, kisha andika chrome://policy au edge://policy. Ukiona sera ya ExtensionInstallBlocklist, hasa yenye alama ya nyota ambayo hukataza vyote, kivinjari kinatii amri ya msimamizi. Kwenye kompyuta ya kazini, mpelekee msimamizi namba ya kiendelezi aiweke kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Kwenye kompyuta yako binafsi, sera usizozijua ni ishara mbaya. Baadhi ya antivirusi huziweka kwa nia njema, lakini programu hasidi nazo hupenda kujificha humo, hasa kwa ExtensionInstallForcelist, ambayo hulazimisha kiendelezi kisichotakiwa kirudi kila kikiondolewa. Pitisha ukaguzi kamili wa antivirusi kabla ya kufuta chochote kwenye rejista ya Windows (Registry), mahali mfumo unapohifadhi mipangilio yake.

Usawazishaji pia huondoa viendelezi. Ukiwa na kompyuta mbili kwenye akaunti moja, kuondoa kwenye moja huondoa na kwenye nyingine. Fungua chrome://settings/syncSetup, zima kipengele cha viendelezi kwenye kompyuta zote mbili, sakinisha, hakikisha kinabaki, kisha washa tena.

Wasifu ulionakiliwa kutoka kompyuta nyingine una tatizo lake. Kwenye Windows, Chrome huhifadhi orodha ya viendelezi katika faili liitwalo Secure Preferences, na kila kipande kimefungwa kwa hesabu inayohusisha kompyuta yenyewe. Ukihamisha folda kwenda kompyuta mpya hesabu hailingani, na Chrome huitupa sehemu hiyo. Usinakili wasifu, ingia kwenye akaunti na uache usawazishaji ulete viendelezi.

Wanaosakinisha kwa mkono kutoka kwenye folda wakague mawili. Folda ya asili haipaswi kuhamishwa wala kufutwa, kwa sababu Chrome husoma humohumo kila mara, na kiendelezi kilichofunguliwa ndani ya folda ya vipakuliwa hufa siku folda hiyo inaposafishwa. Pia, Chrome za karibuni huzima viendelezi hivyo hali ya msanidi programu ikizimwa. Kwenye Firefox, nyongeza iliyowekwa kupitia about:debugging ni ya muda na huondoka kivinjari kinapofungwa. Haijaharibika, ndivyo ilivyopangwa.

Ikiwa ni Firefox na hakuna kati ya hayo, fungua about:support, bofya kufungua folda ya wasifu, halafu funga Firefox. Yabadilishe majina mafaili mawili, extensions.json na addonStartup.json.lz4, kwa kuongeza .old mwishoni. Firefox itayajenga upya kutoka kwenye mafaili ya .xpi yaliyomo. Baada ya hapo pitia orodha yako, kwani nyongeza ulizokuwa umezizima zinaweza kujikuta zimewashwa.

Programu ya nje inapodai

Hapa kuna pande mbili: kiendelezi ndani ya kivinjari na programu kwenye kompyuta. Huunganishwa na faili dogo la maandishi ya muundo wa JSON linalotaja jina la programu, mahali ilipo, na namba za viendelezi vinavyoruhusiwa kuzungumza nayo. Kivinjari hulipata faili hilo kwenye Windows kupitia rejista:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Google\Chrome\NativeMessagingHosts
HKEY_CURRENT_USER\Software\Mozilla\NativeMessagingHosts

Programu iliyosakinishwa kwa watumiaji wote huandikwa chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Fungua ufunguo wenye jina la programu, soma njia iliyoandikwa, na uthibitishe kwamba faili lipo kweli. Kisha lifungue kwa Notepad: mstari wa path uelekeze kwenye programu iliyopo, na allowed_origins, au allowed_extensions kwa Firefox, iwe na namba ileile unayoiona kwenye orodha yako ya viendelezi. Njia iliyokufa baada ya programu kuhamishiwa diski nyingine, au namba ya duka tofauti, inatosha kuleta ombi la kusakinisha kila siku.

Usirekebishe faili hilo kwa mkono isipokuwa unajua unachofanya. Ondoa programu ya nje, anzisha kompyuta upya, sakinisha toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji huku kivinjari kimefungwa, ndipo ufungue kivinjari. Mpangilio huo una maana: programu nyingi huandika faili la JSON wakati wa kusakinishwa, na toleo la programu likipishana mno na la kiendelezi, kila upande humwona mwenzake kuwa hayupo. Kwenye Linux, kivinjari kilichosakinishwa kwa Snap au Flatpak kimezungushiwa uzio na huenda kisiifikie programu ya nje kabisa. Kwa kazi hii tumia kifurushi cha kawaida cha .deb au .rpm.

Kamera, DVR na plagini za zamani

Kinasa picha cha kamera za ulinzi (DVR) kikikuambia upakue plagini, yaani kipande cha programu cha mtindo wa zamani kinachoingizwa kwenye kivinjari, ukapakua, ukasakinisha, na ukurasa ukaendelea kudai, tatizo si usakinishaji. Kifaa kinatafuta ActiveX au NPAPI, mifumo ya zamani ya plagini, na kivinjari chako hakina mlango wa kuziingiza. Chrome iliondoa NPAPI katika toleo la 45 mwaka 2015. Firefox iliiacha mwaka 2017, ikibakiza Flash pekee kwa muda. Internet Explorer 11 nayo ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022.

Angalia kwanza tovuti ya mtengenezaji kama kuna programu mpya ya kifaa inayoonyesha picha bila plagini. Kama hakuna, tumia programu yake ya kutazamia kwenye kompyuta, au fungua mtiririko wa RTSP (njia ya kurusha video ya kamera kwenye mtandao) kwa VLC, programu ya kuchezea video. Bandari yake ya kawaida ni 554, na anwani kamili imo kwenye kitabu cha kifaa.

Ukilazimika kutumia ukurasa wenyewe, Edge ya Windows ina hali ya Internet Explorer:

1. Fungua edge://settings/defaultBrowser, ruhusu tovuti kupakiwa upya katika hali ya Internet Explorer, kisha anzisha Edge upya.
2. Ongeza anwani ya kifaa kwenye orodha ya kurasa za hali hiyo, hapohapo chini.
3. Kwenye Internet Options za Windows, kichupo cha usalama, weka anwani hiyo kwenye tovuti zinazoaminika na uondoe tiki inayodai https.
4. Funga Edge, sakinisha plagini ya kifaa kama msimamizi, halafu fungua ukurasa.

Ukurasa uliouongeza kwa mkono hukaa kwenye orodha kwa siku 30 tu. Baada ya hapo Edge huufungua kwa njia ya kawaida, na ombi la plagini hurudi kana kwamba hukufanya lolote. Uongeze tena, plagini iliyosakinishwa bado ipo.

Ujumbe ambao haupaswi kutiiwa

Flash Player ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Adobe iliizuia kuonyesha maudhui. Silverlight ilifuata tarehe 12 Oktoba 2021. Plagini ya Java ya kivinjari haimo kwenye Java tangu toleo la 11. Ukurasa wowote unaokuambia leo usasishe mojawapo ili utazame video unakupa programu hasidi, hata kama nembo ni kamili.

Kiendelezi halali cha Chrome hukamilishwa dukani: tangu mwishoni mwa 2018 Chrome haikubali ukurasa wa kawaida usakinishe kiendelezi papo hapo. Usifuate kiungo cha ujumbe. Andika mwenyewe chromewebstore.google.com au addons.mozilla.org na utafute kwa jina. Kama umeshaendesha faili ulilopewa, katiza intaneti, pitisha antivirusi, ondoa kila kiendelezi kilichoingia siku hiyo, na ubadilishe nywila zako ukitumia kifaa kingine.

Ukilazimika kumwandikia mtengenezaji

Mtumie namba ya kiendelezi, toleo lake, toleo la kivinjari na la mfumo wa kompyuta, duka ulikokitoa, na kama tatizo linatokea kwenye wasifu mpya mtupu. Jaribio hilo la wasifu mpya huchukua dakika mbili na humwonyesha moja kwa moja kama kosa ni lake au la kompyuta yako. Kwenye chrome://extensions, hali ya msanidi programu ikiwa imewashwa, kiendelezi chenye makosa huwa na kitufe cha kuyaonyesha. Nakili mistari yote kama maandishi. Picha ya skrini hukata mwisho wa mistari mirefu, na mara nyingi jina la faili lililokwama liko huko mwishoni.